Kompyuta itajuaje nimeuliza nini? Jibu kwa mwanafunzi anayetengeneza programu ya bei za mazao

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu, nasomea sayansi ya kompyuta hapa Morogoro. Mradi wangu wa mwisho ni programu ya simu ambayo mkulima ataiuliza kwa Kiswahili kuhusu bei na upatikanaji wa mazao sokoni, nayo ijibu kutoka kwenye hifadhidata. Wenzangu wanasema nichukue modeli kubwa ya lugha, yaani programu ya akili mnemba iliyofunzwa kwa matini mengi, niiulize moja kwa moja, basi. Msimamizi wangu ananitaka nianze na mantiki, lambda na uwakilishi wa maana. Nilipopitia vitabu niliona mengi ni ya miaka ya sabini. Je, mambo hayo bado yana kazi? Na kwa Kiswahili nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfuate msimamizi wako. Modeli kubwa utaihitaji, lakini utaipa kazi moja tu, na kazi hiyo hutaweza kuipima kama hujui uwakilishi wa maana ni nini.

Chukua sentensi hizi mbili:

Masoko yote hayakupokea mahindi wiki iliyopita.
Si masoko yote yaliyopokea mahindi wiki iliyopita.

Maneno ni yale yale karibu yote. Sasa tuseme soko la Kibaigwa peke yake ndilo lililopokea mahindi. Sentensi ya kwanza, kwa namna wengi wetu tunavyoielewa, ni ya uongo. Ya pili ni kweli. Mkulima wa Kongwa aliyepewa jibu la sentensi moja wakati aliuliza nyingine anaweza kukodi gari akaenda soko lisilomfaa. Programu inayotafuta maneno muhimu, yaani masoko, mahindi, wiki, itaziona sentensi hizi kuwa pacha. Hata njia za kisasa zinazogeuza sentensi kuwa safu ya namba huziweka karibu karibu sana, kwa sababu zinapima mfanano wa mada kuliko tofauti ya ukweli.

Uwakilishi wa maana ni kuiandika sentensi katika lugha isiyo na utata, ambayo mashine inaweza kuikagua dhidi ya hali halisi, kwako wewe hifadhidata, na kusema kweli au si kweli. Sentensi zetu zingekuwa hivi (mshale usome "ikiwa ni hivyo, basi"):

kila x [soko(x) → si pokea(x, mahindi)]
si kila x [soko(x) → pokea(x, mahindi)]

Tazama "si" imekaa wapi. Katika ya kwanza iko ndani ya "kila", katika ya pili iko nje. Wataalamu huita hilo mawanda, yaani eneo ambalo neno linalitawala. Na kwa kuwa wapo Waswahili wanaoitamka sentensi ya kwanza wakimaanisha ya pili, programu yako lazima iwe na mahali pa kuziweka maana zote mbili kabla ya kuchagua. Ukiwa na namba tupu huna mahali hapo.

Mambo haya hayakuzaliwa miaka ya sabini. Gottlob Frege wa Ujerumani alitoa mantiki ya "kila" na "kuna" mwaka 1879. Kilichofanyika karibu na 1970 ni kwamba Richard Montague, mwanamantiki wa Los Angeles, alishikilia kuwa hakuna tofauti ya msingi kati ya lugha za watu na lugha za mantiki, akaonyesha namna ya kuijenga maana ya sentensi hatua kwa hatua kutokana na maana za sehemu zake. Alifariki 1971, na makala yake inayosomwa zaidi ilitoka 1973. Hapo ndipo lambda inapoingia. Kila neno linapewa funksheni inayosubiri kujazwa: "pokea" inasubiri kitu na mpokeaji, "kila soko" inasubiri sifa ya kuyahusu masoko. Sarufi inasema nani ajazwe na nani, na ukimaliza kupanda mti wa sentensi, yaani mchoro wa muundo wake, una fomula nzima. Usiiogope lambda. Kama umewahi kuandika funksheni inayorudisha funksheni nyingine, umeshaitumia.

Na watu waliifanyia kazi halisi mapema. Mfumo wa LUNAR wa William Woods uliwajibu wanajiolojia maswali kuhusu mawe yaliyoletwa na Apollo 11 kutoka mwezini. Ulipojaribiwa 1971 kwenye mkutano wa wanasayansi wa mwezi huko Houston, ulijibu sawasawa takriban asilimia 78 ya maswali, na kiwango kikafika asilimia 90 baada ya kurekebishwa makosa madogo ya kamusi yake. Muundo wake ndio muundo wako hasa: swali la mtu, fomula, hifadhidata, jibu. Miaka kama kumi baadaye Fernando Pereira na David Warren walitengeneza CHAT-80, mfumo wa maswali ya jiografia ya dunia ulioandikwa kwa Prolog, lugha ya programu inayotumia mantiki. Programu yake bado inapatikana na bado inaendeshwa. Isome yote, ni ndogo, na itakufundisha kuliko mihadhara mingi.

Kilichoiangusha mifumo ile ni kwamba kila neno na kila kanuni iliandikwa kwa mkono. Wakiuliza wanajiolojia ilifua dafu. Ukimleta mwanasheria ilikwama. Ndiyo maana kuanzia miaka ya tisini watafiti waligeukia kuifunza mashine kwa mifano. John Zelle na Raymond Mooney wa Texas walionyesha njia hiyo mwaka 1996 kwa maswali ya jiografia ya Marekani, na mkusanyo wao ukakua hadi maswali 880, kila swali na fomula yake. Mwaka 2005 Luke Zettlemoyer na Michael Collins waliutumia kufunza kichanganuzi, yaani programu inayovunja sentensi na kuitolea fomula, kinachojitafutia chenyewe kamusi na sarufi. Zingatia ukubwa: 880. Huo ni mkusanyo ambao wewe na wenzako wawili mnaweza kuutengeneza ndani ya muhula mmoja.

Tangu hapo kilichobadilika ni mfasiri, yule anayegeuza swali kuwa fomula. Zamani alikuwa kanuni za mkono, kisha takwimu, leo ni mtandao wa neva. Lengo la fasiri hiyo, yaani fomula inayoweza kutekelezwa, halijapitwa na wakati hata kidogo. Wenzako wanaokuambia uiulize modeli moja kwa moja wanaiondoa fomula kabisa, na hapo ndipo ninapokataa. Modeli itakupa bei kwa lugha tamu, nawe hutakuwa na njia ya kujua imeitoa kwenye hifadhidata yako au imeibuni.

Sasa Kiswahili, maana hapo ndipo penye kazi ya kweli, na vitabu utakavyopewa havitakusaidia sana.

Anza na kitenzi. Mwaka 1967 mwanafalsafa Donald Davidson alipendekeza kwamba sentensi ya kitendo izungumzie tukio, na vielezi kama vya mahali viwe sifa za tukio hilo; waliomfuata wakawafanya hata mtenda na mtendwa kuwa sifa zake. "Asha alimpikia Juma wali jikoni" inaandikwa hivi, e ikiwa ni tukio:

kuna e [pika(e) & mtenda(e, Asha) & kipikwa(e, wali) & mtendewa(e, Juma) & mahali(e, jikoni) & wakati(e) < sasa]

Faida yake utaiona mara moja. Ukiondoa kipande chochote kinachobaki bado ni kweli: Asha alipika wali, Asha alipika, Asha alipika jikoni. Mashine inapata hitimisho hizo bure, bila kanuni ya ziada. Na vipande hivyo Kiswahili chetu kinavibeba ndani ya kitenzi chenyewe. Katika "alimpikia" una mtenda, una njeo, una mtendewa, na una kiambishi kinachotangaza kwamba mshiriki mmoja ameongezwa kwenye tukio. Mchanganuzi wa Kiingereza anayatafuta hayo kwenye mpangilio wa maneno; wewe unayapata kwenye mofolojia, yaani viambishi vya neno. Ukianza kuchanganua maana kabla ya kuvunja kitenzi umeanza katikati ya safari.

Tatizo ni kwamba kauli ya kutendea haisemi mshiriki aliyeongezwa ni wa aina gani. Katika "alimpikia Juma" ni anayenufaika. Katika "kisu cha kukatia nyama" ni kifaa. Katika "alifia Dodoma" ni mahali. Na katika "Asha amefiwa na baba" Asha hakufanya lolote wala hakunufaika. Tukio ni kufa, aliyekufa ni baba, na Asha ndiye aliyefikwa. Kichanganuzi kilichofundishwa kijuujuu kwamba kila penye kauli ya kutendwa nomino inayofuata "na" ni mtenda kitampa baba kitendo asichokitenda, na tunaloweza kulihitimisha, kwamba baba hayupo hai, huenda kikalikosa. Kwa hiyo kila kitenzi kinahitaji ingizo lake la kamusi: mzizi, minyambuliko inayokubalika, na kila mnyambuliko unaleta dhima gani.

Kwa mradi wako vitenzi havizidi arobaini, na vinne au vitano ndivyo vitakavyobeba mzigo. Tazama: "Asha alimuuzia Juma mbegu", "Juma aliuziwa mbegu na Asha", "Juma alinunua mbegu kwa Asha", "mbegu ziliuzwa na Asha". Tatu za kwanza ni tukio moja. Ya nne ni tukio hilo hilo likiwa halijamtaja mnunuzi. Mwanaisimu Charles Fillmore, aliyeanzisha huko Berkeley mwaka 1997 mradi wa FrameNet, kamusi ya fremu, yaani aina za matukio na washiriki wake, alilitumia tukio la biashara kama mfano wake mkuu: kuna muuzaji, mnunuzi, bidhaa na malipo, na kila kitenzi kinaliangalia tukio kutoka upande wake. Jenga fremu hiyo moja vizuri, kwa vitenzi uza, uzia, uziwa, uzwa, nunua, nunulia, nunuliwa, na nusu ya maswali ya wakulima wako yatakuwa yameshapata nyumba.

Kuna utata mwingine ambao sijauona ukitajwa katika vitabu vinavyofundishia kwa Kiingereza, nao ni wetu kabisa. "Mkulima aliyemdanganya dalali." Nani alidanganywa? Inaweza kuwa mkulima alimdanganya dalali, na inaweza kuwa dalali ndiye aliyemdanganya mkulima, kwa sababu Kiswahili kinaruhusu kiima kije baada ya kitenzi cha urejeshi, na nomino zote mbili ni za ngeli moja. Kwenye "gunia alilolinunua dalali" hakuna shida, maana -lo- na -li- zinalionyesha gunia na a- inamwonyesha dalali. Ngeli zinakusaidia zinapotofautiana, zinakuacha zinapofanana. Kichanganuzi chako kitoe miti miwili hapo, kisha muktadha uamue. Modeli kubwa ikiachiwa itachagua inayotokea mara nyingi katika matini ilizosoma, na haitakuambia kwamba ilichagua.

Nimetaja miti miwili. Hesabu huongezeka haraka. "Kila dalali ananunua kwa mkulima mmoja": ni mkulima yule yule kwa wote, au kila dalali na wake? Sentensi yenye maneno matano ya aina ya "kila", "baadhi", "mmoja" inaweza kupangwa kwa njia 120 katika mantiki. Hakuna binadamu anayezifikiria zote. Ann Copestake, Dan Flickinger na wenzao walitoa suluhisho ninalolipenda, ambalo maelezo yake kamili yalichapishwa 2005: usipange mawanda kabisa mpaka ulazimike. Unahifadhi vipande vya fomula pamoja na masharti ya nani anaweza kukaa chini ya nani, basi. Kwa maswali ya bei mara nyingi hutalazimika kupanga. Ukilazimika, mrudishie mtumiaji swali.

Kuhusu saa na vipimo nitasema kwa ufupi, ila usivipuuze. "Saa mbili asubuhi" iandikwe 08:00 kwenye hifadhidata, "saa mbili usiku" 20:00, na "usiku wa Ijumaa" kwa wengi wa pwani ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Magazeti yetu hujikinga kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Andika kanuni hizi kwa mkono, usimwachie mashine akisie. Vivyo hivyo "gunia". Gunia la kawaida na lumbesa havina uzito mmoja, na mkulima anajua hilo kukuzidi. Katika fomula bei isiwe namba tupu. Iwe namba, sarafu, kipimo na tarehe. Kipimo kikikosekana, programu iulize.

Ni vifaa gani vipo tayari? Kwa mofolojia, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kazi iliyozaa SALAMA, mfumo wa kuchakata Kiswahili kwa kompyuta, na uchanganuzi wake wa vitenzi ni wa kina. Kwa kupima hitimisho, mkusanyo wa XNLI wa 2018 una Kiswahili miongoni mwa lugha 15: jozi 7,500 za sentensi, nawe unaulizwa kama ya pili inafuata kutoka ya kwanza, inapingana nayo, au hapana lolote. Kwa amri na maswali ya simu, MASSIVE ya Amazon ya 2022 ina lugha 51, na Kiswahili cha Kenya kimo. Huo utakusaidia kuizoesha modeli lugha ya maswali ya mazungumzo. Lakini uwakilishi wake ni bapa: nia moja na nafasi za kujaza. "Nionyeshe bei ya mahindi Iringa" unaingia vizuri. "Masoko ambayo hayakupokea mahindi lakini bei yake haikupanda" hauingii popote. Uutumie kwa mafunzo ya awali, usiuige kwa muundo.

Huenda ukashauriwa pia utumie AMR, ile grafu ya maana iliyopendekezwa 2013 na sasa inatumika sana. Ni nzuri kwa kufupisha habari au kutafuta nani alimfanya nani nini katika gazeti. Kwa kazi yako siipendekezi. Waliibuni makusudi bila njeo na bila wingi, na "kila" ndani yake ni sifa ya kawaida tu, haina mawanda. Programu ya bei isiyotofautisha "ilipanda" na "itapanda" haina msaada kwa mtu anayeamua auze leo au asubiri.

Kwa hiyo fanya hivi. Buni lugha ndogo ya fomula ya hifadhidata yako: kila, kuna, si, na, au, kubwa kuliko, hesabu, wastani, fremu ya biashara, wakati, mahali. Andika kitekelezaji chake, yaani programu inayoiendesha fomula kwenye hifadhidata. Ni kazi ya wiki mbili kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Ndipo uilete modeli kubwa, nayo ifanye kazi moja: kugeuza swali la Kiswahili kuwa fomula ya lugha hiyo. Hapo inang'ara kweli, maana mkulima atauliza "mahindi yanakwendaje huko?" na mwenzake "debe la mahindi shilingi ngapi sasa?", na hakuna kanuni za mkono zitakazokusanya namna zote hizo. Zuia modeli isitoe alama yoyote ambayo sarufi ya lugha yako hairuhusu. Inawezekana, kwa kukagua kila alama inapotolewa. Kisha, kabla ya kujibu, geuza fomula irudi kuwa Kiswahili kwa kanuni rahisi na umwonyeshe mtumiaji: "Umeuliza: masoko ambayo hayakupokea mahindi hata kidogo wiki iliyopita." Akiona sivyo, atakuambia.

Jinsi ya kupima ni muhimu kuliko modeli utakayochagua. Usihesabu majibu sahihi peke yake. Kama wiki ile hakuna soko lililopokea mahindi, sentensi zetu mbili za mwanzo zote ni kweli, na fomula mbovu itapata alama. Linganisha fomula yenyewe, na tekeleza kila fomula kwenye hifadhidata kadhaa za kubuni zilizopangwa ili maana tofauti zitoe majibu tofauti. Andaa jozi za maswali yanayotofautiana kwa kiambishi kimoja: yalipokea na hayakupokea, aliuza na aliuzia, ilipanda na itapanda. Pia ficha michanganyiko fulani wakati wa mafunzo. Mwaka 2018 Brenden Lake na Marco Baroni waliifunza mitandao ya neva amri ndogo ndogo; mitandao iliyojua "ruka" ikiwa peke yake, na iliyojua "mara mbili" kwa vitenzi vingine, ilishindwa karibu kabisa na "ruka mara mbili". Modeli za leo zimesonga mbele sana, lakini jaribio la namna hiyo kwa minyambuliko ya Kiswahili ni jambo unaloweza kulifanya mwenyewe, na thamani yake itabaki hata baada ya mradi kuisha.

Kuanza kabisa, nenda sokoni ukakusanye maswali mia mbili kwa maneno ya wakulima wenyewe, usiyatunge chumbani. Yaandikie fomula wewe, na mwenzako ayaandikie bila kuona zako. Mtakapotofautiana kaeni chini, amueni, na uamuzi muuandike kwenye mwongozo kwa mfano na sababu. Msimamizi wako akiuona mwongozo huo kabla ya programu, mpe nafasi abishane nao, hasa kwenye kauli ya kutendea.